Kelele Zilizokuja na Upepo wa Ngong

Mwalimu alihamia Kimuka akiukimbia umeme wa watu. Miaka yake ya mwisho Nairobi aliimaliza akisikiliza chaja za simu, taa za LED za majirani, lifti na inveta za maduka, na alipostaafu kufundisha fizikia akanunua kipande cha ardhi upande wa magharibi wa Milima ya Ngong, ambako mlima wenyewe ni ukuta kati ya mtu na jiji. Akasimika nguzo, akatandaza waya wake, akawasha redio, akasikia kimya. Kwa watu wa redio ya ridhaa, wale wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kwa mapenzi tu bila ujira, kimya cha namna hiyo ni mali. Kwa kimya hicho aliwahi kuzungumza na Japani kwa wati tano, nguvu ya balbu ndogo ya LED.

Kisha kelele ikaja, na ikaja na upepo. Ilianza baada ya adhuhuri kwa mvumo mwembamba. Upepo ukizidi, mvumo ukapanda ukawa mluzi wenye mikwaruzo. Upepo ukilegea, ukashuka nao. Kwenye mita ya redio sindano ilisimama kwenye saba, pale ambapo zamani haikuvuka moja. Usiku wa manane ilikatika yenyewe. Na kwa kuwa mtu akikaa barazani kwa Mwalimu na kuinua macho anaiona mitambo ya upepo ya Ngong imejipanga juu mgongoni mwa mlima, kesi ilihukumiwa kabla ya mashahidi. Katika mazungumzo yetu ya jioni hewani kila aliyeulizwa alitoa jibu moja: ni yale mapangaboi. Wengine walishaanza kuandika barua ya malalamiko.

Mwalimu peke yake hakutamka lolote. Aliandika tu kwenye daftari lake. Aliponiambia, "Mwanangu, njoo tukausikilize mlima wenyewe," nilikubali upesi. Leseni yangu ilikuwa changa, sikuwahi kuwinda kelele, na ingawa nimeishi Nairobi miaka kadhaa, sikuwahi kuipanda Ngong.

Nilipanda matatu ya namba 111 alfajiri, na mkononi nilikuwa na antena ya Yagi niliyoitengeneza kwa bomba la plastiki na utepe wa chuma wa futi ya fundi. Utepe ule una faida yake: unakunjwa mlangoni na kujinyoosha wenyewe ukishapita. Ndani ya matatu faida hiyo haikuonekana. Kondakta aliutazama utepe uliomgusa shingoni, akauliza kama hiyo ni ya kuvulia samaki. Nikamjibu kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, na huko samaki havuliwi na kitu cha namna ile. Nauli alichukua ya mtu mmoja, namshukuru.

Vifaa vingine vilikuwa begini: redio ndogo ya masafa mafupi yenye kijiti cha feraiti ndani yake, redio ya mkononi, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye simu kinachochora mawimbi kioo kizima, dira, ramani ya karatasi, na mfuko wa kaki uliojaa pete nyeusi za feraiti. Hakuna kilichohitaji umeme wa ukutani. Anayetafuta kelele ya umeme hawezi kwenda na umeme wake mwenyewe.

Mwalimu alinipokea steji ya Ngong amevaa koti zito na kofia ya sufu, akacheka kuona shati langu. Huko kwetu pwani Januari ni kaskazi, upepo mkavu wa kuleta majahazi. Mgongoni mwa Ngong, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, Januari hiyohiyo ina upepo unaoingia kwenye mikono ya shati na kutokea shingoni. Tulikunywa chai ya maziwa na mandazi kibandani, naye akanifungulia daftari.

Daftari hilo lingetosha kuwa somo la mwaka mzima. Jambo la kwanza alilolifanya, na ambalo wengi hulisahau, ni kuizima swichi kubwa ya nyumba yake na kuiendesha redio kwa betri ya gari. Kelele ilibaki palepale, kwa hiyo haikuwa ya nyumbani kwake. La pili, aliuchunguza umeme wa nguzo. Nyaya za umeme nazo hupiga kelele upepo ukivuma, kwa sababu upepo hutikisa bolti na vikombe vilivyolegea na cheche zikaruka katikati. Lakini cheche za nguzo zina tabia zake. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na cheche hulipuka mara mbili katika kila mzunguko, basi sauti yake ni mngurumo wa 100 kwa sekunde, na mngurumo huo haubadiliki uvume upepo usivume. Tena aghalabu mvua ikilowesha nguzo, kelele hunyamaza. Hii ya Mwalimu ilipanda na kushuka, na mvua za vuli zilipita bila kuipunguzia chochote. "Nguzo nimeiachia," akasema. "Twende tukamwone mshtakiwa."

Langoni kwa watu wa misitu tulilipa kiingilio, tukapewa askari wa kutusindikiza, kijana mpole mwenye bunduki na viatu vilivyochoka. Alitutazama tukikunjua antena akauliza kama tunatafuta madini. Mwalimu akamweleza kwa utaratibu wote wa darasani. Kijana akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo mnatafuta sauti." Sijasikia mtu aliyeufupisha mchezo huu vizuri kuliko hivyo.

Mitambo ya kwanza ya upepo ilisimamishwa Ngong mwaka 1993, miwili tu, kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Hiyo ya leo ni kizazi kingine: mitambo ya Vestas aina ya V52, kila mmoja kilowati 850, iliyoongezwa kwa awamu tangu 2009 hadi shamba zima likafika megawati 25.5. Picha hazikuwa zimenitayarisha. Duara la mapanga lina kipenyo cha mita 52, na linapozunguka kwa mizunguko kama 26 kwa dakika, ambayo kwa macho ni mwendo wa kivivu kabisa, ncha ya panga inaikata hewa kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Ukisimama chini unasikia vuu, vuu, vuu, na kivuli kinakupita kichwani kila mara. Ng'ombe wa watu walikuwa wakila majani chini yake bila hata kuinua shingo.

Je, mtambo kama huu unaweza kuharibu redio? Unaweza, na wanaoudhania vibaya si wajinga. Upepo hauna kasi moja, lakini gridi inataka mizunguko 50 kamili. Katikati yao kunawekwa kigeuzi cha umeme chenye swichi za kielektroniki zinazofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, na kila swichi inayokata umeme ghafla humwaga mabaki yake kwenye masafa ya redio. Zipo pia mota za kugeuza kichwa cha mtambo, na kompyuta ya kuuongoza. Kinachotuokoa ni kwamba kazi hii imefungiwa ndani ya chuma. Mnara ni bomba la chuma, nyaya zinashuka ndani yake na kuingia ardhini, na mtengenezaji ana viwango vya kelele vya kutimiza kabla ya kuuza. Penye masikio makali zaidi hata viwango hivyo havitoshi. Uholanzi, karibu na kijiji cha Exloo, iko darubini ya redio iitwayo LOFAR inayoisikiliza anga kwenye masafa ya chini, na waliotaka kujenga shamba la upepo jirani yake walilazimika kukubali mitambo yao inyamaze desibeli 35 chini ya kiwango cha Ulaya, yaani nguvu ya kelele igawanywe kwa zaidi ya 3,000. Mwalimu anaipenda sana habari hiyo. Huihadithia kama watu wengine wanavyohadithia mpira.

Tulikaa chini ya mtambo wa kwanza, nikaiwasha redio ndogo kwenye megahezi 14. Nilitegemea kupigwa na kelele usoni. Nilisikia mvumo wa kawaida wa anga na, kwa mbali, Mrusi akigonga Morse. Tukauzunguka mnara, tukausogelea mlango wake, tukaenda kwenye mtambo wa pili na wa tatu. Kipokezi cha kwenye simu hakikuchora lolote ambalo hakikulichora tulipokuwa langoni. Mwalimu akampigia simu mjukuu wake, aliyeachwa nyumbani mbele ya redio kubwa. "Mita ngapi?" "Sita, babu. Sasa saba." Huku kwetu, chini ya mapanga yenyewe, palikuwa kimya kuliko kule chini kwake.

Kitu kimoja mitambo ilikifanya, na nilikifurahia. Nilimwita rafiki aliyekuwa Limuru kwa redio ya mkononi, megahezi 145, nikiwa nimesimama ambapo mapanga yalikuwa kati yangu na yeye. Sauti yake ilifika ikipepea, ikififia na kurudi kwa mapigo ya mapanga, matatu kwa kila mzunguko, 78 kwa dakika. Panga likipita hulirudisha wimbi pembeni, nalo hukutana na lile lililokuja moja kwa moja. Mara yanasaidiana, mara yanauana. Kwa hiyo mtambo mkubwa unaweza kuikatakata sauti ya mtu bila kutoa kelele yoyote ya kwake. Nikasogea hatua kumi pembeni, sauti ikanyooka.

Kisha, kabla ya saa saba mchana, upepo ukalegea. Mtambo wa V52 huhitaji upepo wa kama mita nne kwa sekunde ndipo uanze kuzalisha. Chini ya hapo hujiachia tu. Mapanga yakapunguza mwendo, moja baada ya jingine, mengine yakasimama kabisa. Mwalimu akapiga simu tena. "Imeshuka kidogo sauti yake, babu, lakini ipo. Tano." Akakata simu, akalifunga daftari na kutazama upande wa magharibi, Mlima Suswa ukiwa mbele yetu na vumbi la Bonde la Ufa likielea chini. Aliyekuwa akipiga kelele alihitaji upepo, lakini upepo mdogo kuliko huu wa wakubwa.

Kutoka hapo safari ikawa ya kushuka. Tulimshukuru askari, tukamwachia mandazi yaliyobaki, tukashika njia ya ng'ombe.

Kuwinda kwa kijiti cha feraiti ni kazi ya kinyume. Mgeni hudhani atageuza redio mpaka kelele iwe kubwa kabisa. Lakini upande wa sauti kubwa ni mpana na hautambuliki. Kinachotafutwa ni pale inapozama. Kijiti kikielekeza ncha yake kwenye chanzo, kelele hufifia ghafla, na pembe ya kufifia huko ni nyembamba. Unasoma dira, unachora mstari kwenye ramani, unatembea, unachora mwingine. Kila mstari una miisho miwili, na hujui chanzo kiko mbele au nyuma yako hadi mistari ikutane. Yetu ilikutana kwenye pembetatu ndogo nyuma ya mgongo wa ardhi uliokuwa kaskazini mwa nyumba ya Mwalimu, chini ya kilomita moja kutoka kwake. Mahali hapo hakuwahi kupaona kutoka barazani, maana ule mgongo unapaficha.

Tulipokaribia, uzio ukatuchanganya. Ulikuwa uzio wa nyaya za miiba, mrefu, na popote tulipousogelea kelele ilijaa kana kwamba nguzo zake ndizo zinazoipiga. Waya wowote mrefu hudaka kelele na kuirusha upya, na mtu akifuata sauti tupu anaweza kuambaa na uzio mpaka Suswa. Dawa yake ni kupandisha masafa. Kadiri masafa yanavyokuwa juu, ndivyo kelele inavyochoka upesi njiani, na kilichobaki kinatoka karibu. Tukahamia megahezi 28. Nusu ya uzio ikanyamaza. Tukaenda tukisikiliza, kona hadi kona. Mwishowe nikaiunganisha Yagi ya utepe na kusikiliza megahezi 144, ambako kelele hiyo hatukuwa tumeisikia kabisa siku nzima. Nikaizungusha polepole. Ilipoelekea kwenye paa la mabati lililochomoza nyuma ya mikakaya, mikwaruzo ikatoka.

Juu ya paa hilo, kwenye bomba la maji lililofungwa nyaya za kulivuta, palikuwa na kitu chenye mapanga matatu, urefu wa kila moja haufiki mkono wangu. Kilikuwa kikizunguka kwa furaha katika upepo ambao wakubwa wa mlimani walikuwa wameudharau.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini begi la Mwalimu lilikuwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Hakuingia na dira wala daftari. Alisimama nje ya boma, akasubiri aonekane. Mama mwenye boma alipotoka alimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitika, "Iko." Mimi nikasema shikamoo, nikapewa marahaba na kiti. Habari za mifugo zikaulizwa, za mvua, za watoto walioko mjini. Chai ikaja. Ilikuwa ni baada ya kikombe cha pili Mwalimu alipouliza kwa upole kama redio ya hapa nyumbani inasikika vizuri.

Mama akacheka. Redio ya betri, alisema, ikikaa sebuleni inakoroma kila mchana, hivyo aliihamishia jikoni. Na ile nyingine ya mtoto iliyo zizini inasikika vizuri siku zote. Alikuwa ameshaufanya uchunguzi wetu wote, bila dira.

Sanduku la kuuongoza mtambo huo mdogo lilitundikwa ukutani upande wa nje, na chini yake vifaranga walikuwa wamejikusanya. Wanapenda joto lake, Mama akasema. Mwalimu aliposikia hivyo alinitazama, macho yakimcheka. Mtambo mdogo wa upepo haupaswi kuachwa uzunguke bila mzigo, utakimbia hadi uvunjike. Betri zikijaa, sanduku hulazimika kuumwaga umeme uliozidi kwenye koili ya kupasha joto, na hufanya hivyo kwa kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo daftari lote likasomeka. Kelele ilianza baada ya adhuhuri kwa sababu ndipo paneli za sola zilizosaidiana na mtambo zilipomaliza kujaza betri, na upepo wote uliobaki ukawa wa kumwaga. Ilikatika usiku kwa sababu friji ya maziwa, televisheni na taa zilishazipunguza betri, umeme ukapata kazi. Mluzi ulipanda na upepo kwa sababu jenereta ya mtambo mdogo haina mizunguko maalumu; inafuata mapanga. Na nyaya tatu zilizoteremka kutoka juu ya bomba na kutambaa chini hadi sandukuni, bila kusokotwa wala kufunikwa na chuma, zilikuwa antena nzuri kuliko ile niliyoibeba kwenye matatu.

Kwa ruhusa ya Mama tuliibonyeza swichi ya breki, ile inayoziunganisha nyaya tatu na kuyashika mapanga. Mwalimu alikuwa na simu sikioni. Kabla hajauliza, mjukuu akapaza sauti hata mimi nikamsikia: "Imekatika!"

Sehemu iliyobaki ni ya mafundi, nami nitaipita haraka. Tulizipitisha nyaya tatu pamoja ndani ya pete za feraiti za aina ya 31, inayofaa masafa mafupi, na kuzirudisha tena na tena. Ukiongeza mizunguko mara mbili, kizuizi huongezeka takriban mara nne, basi mzunguko mmoja si sawa na mitatu. Waya wa koili tuliufupisha na kuusokota. Vifaranga walihama kwa muda, wakilalamika.

Kipimo cha Mwalimu si mita peke yake. Kwenye megahezi 14.100 kuna bikoni 18 duniani zinazopokezana zamu, kila moja sekunde 10, duru nzima dakika tatu. Kenya ina yake, 5Z4B. Kila bikoni hutaja jina lake kwa Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa wati 100, wa 10, wa 1, na wa sehemu ya kumi ya wati. Unahesabu milio unayoisikia, umejua hali ya hewa ya redio na ya kelele zako. Tulipokuwa bado hatujaibonyeza breki, mjukuu aliisikiliza ZS6DN ya Afrika Kusini akapata mlio mmoja. Tulipoiachia breki, mapanga yakirudi kuzunguka na koili ikipata moto, akasikiliza zamu yake iliyofuata. "Miwili. Na wa tatu upo, babu, mwembamba." Mita ikasimama kwenye mbili.

Mama aliirudisha redio sebuleni, akaiwasha, akaiongeza sauti. Alituuliza kama vyuma vile vyeusi vinalika na panya. Halafu akatuambia kwamba dada yake aliyeolewa Saikeri ana mtambo kama huo, na kwamba fundi aliyewafungia amefunga vingi, hadi kule Kona Baridi.

Mwalimu akaomba namba ya fundi. Alipiga palepale, akajitambulisha, akaeleza feraiti ni nini, nyaya zisokotweje, koili iwekwe wapi. Alieleza kwa muda mrefu, akitembea mbele ya boma mkono nyuma. Upande wa pili palikuwa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Mwalimu," fundi akasema hatimaye, "hivyo vyuma vinauzwa duka gani?"